Kuchagua spika ndogo za nyumbani kwa muziki ulioko kwenye flash, laptopu na simu

Maswali ni yaleyale. "Nina nyimbo elfu mbili kwenye laptopu, ninunue sabufa gani?" "Wati 200 zitatosha sebuleni?" "Mbona flash yangu haisomwi?" Kumtajia mtu jina la spika moja hakumsaidii, kwa sababu ile inayolia vizuri katika chumba cha kumi kwa kumi kule Nyalenda inaweza kumezwa na sebule kubwa ya Milimani. Kinachoamua ni chumba chako, faili zako na sikio lako, na yote matatu unaweza kuyapima kabla ya kutoa shilingi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kisii au Busia mwenye muziki wake aliouhifadhi, anayetaka kuusikiliza ndani ya nyumba. Kama unatafuta mitambo ya harusi, kanisa au disko matanga, hiyo ni kazi nyingine na vifaa vingine.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Utepe wa kupimia.
- Flash ya GB 16 au 32, iliyofomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa faili ambao spika nyingi huusoma.
- Simu yako, na waya wa AUX kama simu ina tundu la 3.5 mm.
- Betri moja ya redio ya volti 1.5, kama utanunua spika za mitumba.
- Bajeti iliyokwisha gawanywa: katika kila shilingi elfu kumi, tenga elfu moja ya waya na kinga ya stima. Wengi humaliza pesa zote kwenye spika, kisha wanaichomeka ukutani ikiwa uchi.

Hatua ya 1: Pima chumba na upige makofi

Pima urefu na upana. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinatoshwa na spika mbili zenye koni (ile sahani inayotikisika mbele) ya inchi 3 hadi 4 na wati 10 hadi 20 za kweli kila upande. Sebule ya futi 12 kwa 15 inataka koni ya inchi 4 hadi 5 na wati 20 hadi 40 kila upande.

Sasa simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa kengele ukirukaruka kati ya kuta, chumba ni kitupu mno: sementi, vigae, madirisha bila pazia. Spika yoyote utakayoleta hapo itasikika kali na ya kuchosha. Zulia, pazia zito na makochi ya kitambaa vitakusaidia kuliko kuongeza bei ya spika. Na kama juu ni mabati bila dari, fahamu kwamba mvua ikianza hakuna spika ndogo itakayoshindana nayo. Usinunue kubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Kama unaishi ploti na ukuta ni mmoja na jirani, kumbuka kinachovuka ukuta ni besi. Maneno ya wimbo hayamfikii, lakini ile dum-dum inamfikia kitandani.

Hatua ya 2: Kagua faili zako

Fungua folda ya muziki uone una nini. Wimbo wa dakika 4 ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde una karibu MB 4. Ukiwa MP3 ya 320 una karibu MB 10. Wimbo huohuo ukitolewa kwenye CD bila kubanwa, yaani WAV, unafika MB 42, na FLAC, iliyobanwa bila kupoteza sauti, mara nyingi huwa kati ya MB 20 na 30. Kwa hiyo flash ya GB 32 inabeba nyimbo kama 3,000 za MP3 320, au kama 1,000 za FLAC.

Kwa nini hili linakuja kabla ya spika? Kwa sababu tundu la USB la spika nyingi ndogo husoma MP3 peke yake. Nyingine husoma WAV, chache zaidi FLAC. Kama hazina yako ni FLAC, basi ama utafute spika iliyoandikwa wazi kwamba inazisoma, ama upange kuchezea kwenye laptopu au simu na kupeleka sauti kwa waya.

*Kosa la kawaida:* kugeuza MP3 ya 128 kuwa FLAC ukitumaini itakuwa safi. Chai iliyokwisha kuongezwa maji hairudi ukali kwa kumiminwa kwenye birika kubwa. Kilichokatwa hakirudi, na flash itajaa bure.

Na kama kuna kanda za zamani za nyumbani mlizohamisha kwenye kompyuta, nyatiti (kinubi cha Waluo) ya babu, kwaya ya shangazi, arusi ya mwaka fulani, zinakili mahali pa pili leo, kabla ya jambo lingine lolote. Flash hufa bila kubisha hodi. Wimbo wa dukani utaupata tena, huo hautaupata.

Hatua ya 3: Chagua aina

*Spika mbili zenye amplifaya ndani.* Moja inaingia kwenye stima, nyingine inaungwa nayo kwa waya. Kwa watu wengi wenye muziki wao, hizi ndizo tunazopendekeza kwanza. Magitaa yanatengana kushoto na kulia, sauti ya mwimbaji inakaa katikati, na hakuna boksi la ziada sakafuni.

*Sabufa na vispika viwili.* Hii ndiyo imejaa madukani, kuanzia Oginga Odinga Street, Kisumu, hadi Kenyatta Avenue, Nakuru. Inapendeza sherehe ndogo. Udhaifu wake uko katikati: vispika vya inchi 2 haviwezi kushuka hadi sauti ya mwanamume, kwa hiyo sabufa hulazimika kuibeba, na mwimbaji anaonekana kama anaimbia chini ya meza.

*Spika moja ya Bluetooth ya kubeba.* Ni nzuri jikoni na stima ikipotea. Lakini kushoto na kulia viko ndani ya boksi moja, hivyo upana wa muziki haupo.

*Amplifaya ndogo na spika zisizo na umeme.* Inafaa kama umepata spika nzuri za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza. Angalia omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: amplifaya iliyoandikwa 8 kuwa kiwango cha chini isibebeshwe spika za 4, itachemka.

*Saundiba.* Ni ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV. Inafaa kama TV ndiyo bwana wa nyumba. Kama muziki ndio bwana, ipite.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha nyuma, boksi liache

Boksi litasema wati 5,000 au 10,000, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua. Hiyo si nguvu ya kusikiliza. Tafuta neno RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Usipolipata, geuza spika usome inavyokula umeme. Kama inatumia adapta, zidisha volti kwa ampia: volti 12 kwa ampia 2 ni wati 24. Kifaa kinachoingiza wati 24 hakiwezi kutoa wati 100 wimbo mzima, hata boksi liseme nini.

Usihangaishwe pia na tofauti ya wati 20 na 40. Kuongeza nguvu maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, sikio linaitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji nguvu karibu mara kumi. Ukubwa wa koni na uzito wa boksi vinakueleza mengi zaidi: boksi la mbao linalovuma kama debe tupu ukiligonga kwa kifundo cha kidole ni dalili mbaya, lile linalojibu "tk" fupi na kavu ni dalili njema.

Kwenye kibandiko hichohicho angalia umeme. Unataka 220–240V au 100–240V, na 50Hz. Kifaa cha Japani cha 100V au cha Marekani cha 120V ukikichomeka moja kwa moja kwenye 240V yetu kitaungua papo hapo. Vya Uingereza havina shida hiyo, na plagi yao ya pini tatu ni ileile yetu.

Hatua ya 5: Andaa flash ya majaribio

Hapa ndipo kazi ilipo. Muuzaji ana wimbo wake wa kuonyesha, uliojaa besi, ambao kila spika huuimba vizuri. Wewe nenda na zako. Chagua nyimbo sita, MP3 ya 320 kama unazo:

- Nyatiti peke yake, au litungu, kinubi cha Wabukusu. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mguuni na kuigonga kwenye ala huku nyuzi nane zikilia. Pete inapaswa kusikika "ko, ko", kavu, imesimama mbali na nyuzi. Spika dhaifu huchanganya pete na nyuzi zikawa uji. Nyuzi zenyewe zina mkwaruzo wa asili, kwa hiyo usikilize wimbo huu kwanza kwa vipokea sauti vizuri vya masikioni ili ujue mkwaruzo upi ni wa ala na upi ni wa spika.
- Benga yenye magitaa mawili. Gitaa moja linatangulia, jingine linajibu, gitaa la besi linatembea chini yao. Chagua sehemu ambapo mwimbaji amenyamaza.
- Ngoma za isukuti za Waluhya. Ni tatu, kubwa hadi ndogo. Unataka kuzihesabu.
- Kwaya. Ya kuchunguza herufi "s" na "sh", na kama sauti nne zinabaki nne.
- Mtu akizungumza. Mahubiri, mahojiano au hadithi, sauti ya mwanamume.
- Wimbo unaoupenda kuliko zote, hata kama ulirekodiwa vibaya. Huo ndio utakaousikiliza.

Zipe majina yanayoanza na 01, 02, 03, kisha uzinakili kwenye flash moja moja kwa mpangilio huo.

Hatua ya 6: Sikiliza dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla ya barabara kuchangamka. Mwombe muuzaji arudishe besi na sauti za juu katikati, yaani sufuri, na azime vitufe vya "super bass" na mfano wake. Akikataa, nenda duka la pili.

Anza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayesikiliza usiku watoto wamelala. Weka benga. Fuata gitaa la pili, lile linalojibu, bila kuangalia la kwanza. Ukiweza kulifuata wimbo mzima kwa sauti ya chini, spika hiyo ni ya maana. Kama linapotea kila besi inapogonga, hakuna ekolaiza itakayolirudisha.

Halafu sikiliza mwendo wa besi yenyewe. Noti zinapaswa kupanda na kushuka zote zikiwa na uzito unaolingana. Kama noti moja inatikisa kioo cha duka na jirani zake hazisikiki, spika ina noti moja tu ya kuonyesha, na utachoka nayo kwa wiki moja.

Ongeza hadi sauti ya juu utakayotumia nyumbani. Spika nyingi ndogo za siku hizi hupunguza besi zenyewe kadiri sauti inavyopanda ili koni isiraruke. Kupungua kidogo ni sawa. Besi ikitoweka kabisa, spika ni ndogo kwa chumba chako.

Kwa sabufa, weka yule anayezungumza, uiname karibu na boksi la sabufa. Ukisikia maneno yenyewe yakitoka humo, si mvumo tu, sabufa imebebeshwa kazi ya vispika. Iache.

*Onyo:* ukilinganisha spika mbili, hakikisha zinalia kwa ukubwa uleule. Iliyo juu kidogo daima huonekana bora, na muuzaji mzoefu anajua hivyo. Na usimalize majaribio kwa Bluetooth peke yake: jaribu tundu la USB, AUX na Bluetooth, kila moja, papo hapo, kwa sababu tundu bovu hugunduliwa siku ya tatu na risiti imekwisha kupotea.

Hatua ya 7: Kama ni mitumba

Spika za ex-UK zinaweza kukupa sauti ambayo mpya za bei hiyo hazikaribii. Toa kitambaa cha mbele. Angalia ukingo unaozunguka koni: wa mpira hudumu, wa sponji huoza kwa miaka na kubaki unga ukiugusa. Uliooza unaweza kubadilishwa na fundi, lakini punguza bei kwanza.

Weka vidole vyote kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na kwa usawa. Iende na kurudi kimya. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Inuse pia kwa nyuma kwenye tundu la besi, lile shimo la kutolea hewa. Harufu ya kuungua haifichiki.

Kwa spika isiyo na umeme, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Koni iruke nje na kutoa "tk". Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa na mtu aliyekutangulia.

Hatua ya 8: Kinga ya stima na radi

Ukanda wa ziwa na milima ya Kisii, Nandi na Kericho una radi nyingi, na stima ikirudi baada ya kupotea mara nyingi huja na mshtuko. Nunua gadi ya stima, ile inayokatiza umeme ukizidi au kupungua mno na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu si gadi.

Wingu likifunga, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia antena ya TV na waya wa intaneti kama vimeungwa na mfumo huo. Gadi haizuii radi iliyopiga karibu. Na plagi ya pini mbili itafutie adapta. Usifungue tundu la juu la soketi kwa kalamu.

Kama nyumba inatumia sola, tafuta spika inayokubali volti 12 moja kwa moja. Spika ya wati 30 kwa saa 4 inakula si zaidi ya wati-saa 120, yaani ampia-saa 10 kwenye betri ya volti 12. Betri ya asidi usiiteremshe chini ya nusu, hivyo panga ampia-saa 20 kwa muziki peke yake.

Hatua ya 9: Zipange nyumbani

Ziweke mbali mita 1.5 hadi 2, na wewe ukae umbali kama huohuo kutoka kila moja. Kispika kidogo cha juu kiwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, karibu sentimita 95 hadi 100 kutoka sakafuni. Kama tundu la besi liko nyuma, acha sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani. Kona huongeza mvumo, epuka.

Usiziweke juu ya kabati la vyombo. Vikombe vitaimba pamoja na kwaya. Kata kandambili nzee vipande vinne vya ukubwa wa sarafu, weka kimoja kila pembe chini ya spika, na mtikisiko mwingi utaishia hapo.

Ukiunga simu au laptopu kwa waya, weka sauti yake karibu asilimia 80 hadi 90, kisha ongoza kwa kitufe cha spika. Kinyume chake huleta "shhh" kila wimbo unapotulia.

Ikisumbua

*Flash haisomwi.* Mara nyingi imefomatiwa exFAT au NTFS, mipangilio mingine ya faili. Nakili nyimbo pembeni, ifomati FAT32, rudisha. Kama ni diski kuu ya nje (hard disk), tundu la USB huenda halina nguvu ya kuizungusha, utasikia ikibofyabofya. Tumia flash.

*Nyimbo zinaruka mpangilio.* Spika nyingi hufuata mpangilio wa kunakili, hazifuati alfabeti. Futa, nakili upya folda moja baada ya nyingine. Baadhi hukoma kwenye wimbo wa 999, basi gawa hazina kwenye flash mbili.

*Mvumo wa "mmmm" laptopu ikiwa kwenye chaja.* Chomoa chaja. Ukikoma, chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, au tumia kadi ndogo ya sauti ya USB badala ya tundu la vipokea sauti.

*Besi imepotea na mwimbaji hajulikani yuko wapi.* Waya wa spika moja umegeuzwa. Badilisha chanya na hasi upande mmoja tu.

*Upande mmoja kimya.* Badilishana nyaya za kushoto na kulia. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo ni waya au simu. Ukibaki palepale, ni spika.

*Inazima yenyewe usiku.* Spika nyingi hulala zikiona sauti inayoingia ni ndogo mno kwa dakika kadhaa. Pandisha sauti ya simu, shusha ya spika.

*Mkwaruzo ulioanza ghafla.* Angalia tundu la besi kwa tochi. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni huingia humo, na mende hupenda joto la amplifaya. Chomoa stima, vuta kwa brashi laini, na funika tundu kwa kipande cha wavu wa dirisha, kisizuie hewa.

*"Tit-tit-tit" kabla ya simu kuita.* Simu iko karibu mno na waya au amplifaya. Isogeze mita moja.